Kutoka Ufipa Kushukia Ziwani: Namna ya Kuitengeneza Safari ya Chombo



Sisi tukaao Sumbawanga Mwenyezi Mungu ametuweka juu ya uwanda mrefu ulio baina ya maziwa mawili. Upande wa mashariki, chini ya ukingo mkali wa bonde, liko Ziwa Rukwa. Na upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Basi mtu atokaye kwetu kwenda Kasanga huteremka karibu mita 1,000. Huiacha baridi na mashamba ya ulezi na maharage, akafika penye joto na harufu ya dagaa waanikwao mchangani. Walakini watoto wetu wengi hukua bila ya kuyaona maji hayo, ila huwaona samaki wake sokoni.

Kwa sababu hiyo vijana wa madrasa hawachoki kuuliza: “Maalim, lini mtatupeleka ziwani tukapande chombo?” Ni ombi jema, kwani kutembea katika nchi na kuyatazama maumbile ni jambo tulilohimizwa. Lakini jibu lake si kukodi gari tu na kuimba kaswida njiani. Watoto wa juu ya milima hawajui kuogelea, na wazee wao wametukabidhi kwa amana. Yafaa tuelezane tangu sasa jinsi safari hiyo inavyotengenezwa.

Kwanza ni kuchagua maji. Wenzetu wa mikoa mingine hutembea kwa vyombo katika mabwawa yaliyozuiwa na wanadamu, kama Mtera na Nyumba ya Mungu. Bwawa lina matata yake: maji yake hupanda na kushuka, na pengine miti iliyozama hubaki imesimama chini ya maji ikingojea kutoboa chombo. Sisi hatuna bwawa la namna hiyo. Ziwa Rukwa nalo kina chake ni kifupi, halina mto wa kulitoa maji yake, na kingo zake husogea kwa kadiri ya mvua. Lina matope, matete, mamba na viboko. Hapo pafaa kutazamwa kutoka juu ya ukingo, wala si mahali pa kutembeza watoto kwa chombo. Limebaki Ziwa Tanganyika.

Ziwa hili si dogo katika maziwa ya dunia. Urefu wake ni kama kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Halipitwi kwa kina ila na Ziwa Baikal lililoko Urusi. Nchi nne zinalishiriki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mna zaidi ya aina 200 za samaki wadogo wa rangi rangi wakaao penye majabali, na walio wengi hawapatikani penginepo duniani. Kijana aliyekaa kimya ndani ya chombo karibu na mwamba, maji yakiwa matulivu, ataweza kuwatazama kama atazamaye kwa kioo. Lakini ajue pia kuwa sehemu nyingine ukingo ukiishia tu, kina huanza ghafla, wala hapana mahali pa kusimama.

Njia ya kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga hupita Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, nayo yote ni zaidi ya kilomita 100. Kabla ya kushukia ziwani, wasafiri waiache njia kuu waende kijiji cha Kapozwa wakayaone maporomoko ya mto Kalambo. Mto huo ndio mpaka wetu na Zambia, na hapo huanguka mara moja kwa zaidi ya mita 200, yaani kama mara mbili ya maporomoko makubwa ya mto Zambezi. Korongo hujenga matundu yao katika majabali ya genge lile. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa pamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, ambayo kwa hesabu yao umri wake ni miaka 476,000. Mwalimu awaeleze watoto habari hiyo hapo hapo, mbele ya macho yao, nao wasisogee ukingoni.

Kasanga nayo ina habari zake. Wajerumani waliijenga boma wakaiita Bismarckburg. Walileta meli kutoka Ujerumani, imefunguliwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikapandishwa treni kutoka Dar es Salaam, ikaunganishwa Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isishikwe na adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikaendelea kuhudumia watu wa mwambao kwa miaka mingi sana. Atakaye kupanda meli asitegemee habari za zamani. Aulize bandarini kwanza ni meli gani iliyo safarini na siku gani. Na tusiwafiche watoto kuwa maji haya hapo kale yalivushwa pembe na chumvi, na pia watu waliofungwa minyororo. Uzuri wa mahali hauondoi wajibu wa kusema kweli.

Sasa nifikie jambo lililo gumu, nalo ni majira. Likizo ndefu ya wanafunzi huangukia mwezi wa Juni, na ndiyo wakati vijana wautakao. Lakini tangu Mei hadi Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu katika ncha hii ya ziwa, na mawimbi yake si ya kuchezea. Mwezi wa Machi na Aprili maporomoko yamejaa na kupendeza sana, ila ndio wakati wa mvua za radi, na dhoruba huweza kuzuka katika muda mfupi. Hapana majira yasiyo na hatari yake. Je, tuache kwenda? La. Ila mpango na utengenezwe kwa namna ambayo safari itakuwa imetimia hata kama hakuna aliyepanda chombo.

Maana yake ni hii. Siku ya kwanza waondoke baada ya sala ya Alfajiri, wayaone maporomoko, walale Kasanga. Siku ya pili asubuhi wawaulize wavuvi, wala si mwenye chombo peke yake, hali ya ziwa ilivyo. Likiwa tulivu, waende kando kando ya pwani kuelekea upande wa mlango wa mto Kalambo, pasipo kuvuka mpaka bila hati za safari, warudi kabla upepo haujawakuta mbali. Likichafuka, watembee kwa miguu, walitazame boma la kale, wajifunze habari za wavuvi na nyavu zao, wale migebuka wa kuchoma. Siku ya tatu iwekwe akiba. Ajali nyingi huzaliwa pale ambapo watu wamekwisha kulipa, wamesafiri mbali, tena wana siku moja tu, basi kila mmoja huona haya kusema, “Leo hatuendi.” Mpango mzuri humwondolea kiongozi haya hiyo.

Ama chombo, masharti yake ni machache wala hayana mjadala. Kiwe kimekaguliwa na kina cheti kionyeshacho idadi ya abiria. Kiwe na nahodha mzoefu wa mwambao ule, injini njema, makasia ya dharura, na kitu cha kuchotea maji. Kila abiria awe na jaketi la kujiokolea, la mtoto liwe la kipimo chake, nalo livaliwe tangu nchi kavu, wala lisikaliwe kama mto. Wenye kanzu na mabaibui walivae juu ya nguo na kulifunga sawasawa. Na ni bora zaidi kuvaa nguo za stara zisizoburura, kwani nguo ndefu ikilowa hufunga miguu.

Niliwahi kutafuta chombo kwa ajili ya wanafunzi, na mwenye chombo mmoja akaniambia kuwa watoto ni wepesi, basi watoto watatu wahesabiwe kuwa watu wawili. Nilimshukuru nikaenda zangu. Mtoto ana roho nzima, wala hana theluthi mbili ya roho. Tukumbuke MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara ikaua watu zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Kama watoto ni wengi, waende kwa zamu, na walio pwani wangoje pamoja na walimu wao.

Tena pawe na kiongozi mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wasafiri wamchague amiri wao. Ndani ya chombo neno la nahodha litiiwe, na kwa nchi kavu neno la amiri. Wasichana wawe pamoja na walimu wao wanawake. Orodha ya majina ibaki mikononi mwa mtu aliyeko Sumbawanga, na watoto wahesabiwe wakipanda na wakishuka.

Kwa kuwa safari hii imepita masafa ya kupunguza sala, wasafiri waweza kuzisali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Kibla chetu ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Lakini ni heri kuipanga saa ya chombo isigongane na sala, watu wasali mchangani kwa utulivu. Maji ya kunywa yachemshwe, wala yasitekwe tu kwa kopo ziwani.

Husemwa kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Basi na tutupe vile vile ile dhana kwamba hirizi shingoni mwa mtoto yatosha badala ya jaketi, au kwamba dua humwondolea mtu wajibu wa kukagua chombo. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Enyi wazee, waruhusuni watoto wende wakalione ziwa lao. Lakini waulizeni walimu maswali haya yote kabla hamjatoa idhini. Na mwalimu asiyeweza kuyajibu, na aahirishe safari.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu kwenda kwa salama na kurudi kwa salama. Amin.