Tundu la Sindano

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Hawakusema faraja itamkuta nani nyumbani. Maisha ya Elias Howe, mvumbuzi wa Marekani, yanatufunza jambo hilo.

Howe alizaliwa Spencer, Massachusetts, mwaka 1819. Alikuwa mwana wa mkulima, kilema wa mguu, na fundi wa mashine kwa kazi. Ujira wake ulikuwa haba na afya yake dhaifu. Kwa hiyo mkewe, Elizabeth, alishona nguo za watu ili watoto wapate kula. Inasimuliwa kuwa Howe alitazama mkono ule ukienda na kurudi, akatamani mashine ifanye kazi yake. Lakini mashine haikuweza kuiga mkono. Sindano ya mkono ina tundu kichwani, na sharti ipenye yote hata upande wa pili wa nguo. Howe aliweka tundu karibu na ncha. Sindano ilizama kidogo, ikaacha kitanzi cha uzi, na chombo kidogo chenye uzi wa pili kikapita katika kitanzi hicho. Nyuzi mbili zikakabana, mshono ukashika.

Mwaka 1845, mjini Boston, mashine hiyo ilishindanishwa na washonaji watano, ikawashinda. Hata hivyo haikupata mnunuzi. Bei yake, dola 300, ilikuwa kubwa, na mafundi waliogopa kupokonywa riziki. Mwaka 1846 Howe alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, kisha akaenda Uingereza, ambako haki ya mashine ilikuwa imeuzwa kwa pauni 250. Alirudi mwaka 1849 hana kitu, akamkuta Elizabeth mgonjwa mahututi. Haukupita muda akafariki.

Wakati huo wengine walikuwa wakiunda mashine kwa sindano ya namna ileile. Howe aliwashtaki, akiwamo Isaac Singer, ambaye jina lake baadaye lilizoeleka kwenye baraza za mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1854 Howe alishinda. Tangu hapo alilipwa fungu katika mashine za wenziwe, akawa tajiri, na mwaka 1865 akaanzisha kampuni yake Bridgeport. Alikufa mwaka 1867, umri wa miaka 48.

Cherehani imewavisha wengi, na mafundi walioiogopa waliachia warithi walioishi kwayo. Wahenga hawakusema uongo: faraja ilikuja. Ila mkono wa kwanza uliokusudiwa kupumzishwa ulikuwa umekwisha kupumzika.