Roho Inaniuma

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukiandika daftari la wagonjwa katika zahanati moja kwenye njia ya Kabambare. Akaja mama mmoja mzee. Tulipomwuliza maradhi yake alijibu: "Mwanangu, roho inaniuma." Tukaandika: maumivu ya kifua. Akapewa vidonge, akaenda zake. Jioni ndipo tulipoambiwa kwamba siku tatu kabla alikuwa amemzika mjukuu wake.

Aibu yetu ilikuwa kubwa, kwa maana hata nyumbani kwetu Kasongo mtu mwenye huzuni husema hivyo hivyo. Vitabu vya shule hupenda kusema moyo ndio unaouma, na roho ni ile isiyokufa. Kumbe kwetu roho ni yote mawili. Moyo ni neno la Kibantu. Roho latoka katika Kiarabu, ruh, nalo ni jamaa ya rih, yaani upepo. Lilifuata misafara kutoka Ujiji, likavuka ziwa, likapita Kabambare hata Kasongo, alipokaa Tippu Tip. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold yaliuteka mji wa Kasongo. Wakuu wa biashara wakaondoka, lugha ya waungwana ikabaki, ikaitwa Kingwana. Njia iliyopitisha watumwa na pembe za ndovu ndiyo iliyotupa neno la kutajia uchungu wetu.

Waingereza nao, mtu akifiwa au akiachwa na mpenzi, husema moyo wake umevunjika. Asiyejua akigeuza neno kwa neno atapotea, kwa kuwa kwa Waswahili aliyevunjika moyo ni aliyekata tamaa. Tena Zaburi ya 51 yautaja moyo uliovunjika kwa maana nyingine, ndiyo toba.

Lakini si maneno matupu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo kulegea ghafula, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko. Waliuita takotsubo, yaani mtungi wa kunasia pweza, yule mnyama wa bahari mwenye mikono minane, kwa sababu moyo hupata umbo la mtungi huo. Huwapata zaidi akina mama wenye umri mkubwa, wengi hupona.

Basi pengine hatukukosea kabisa kuandika kifua. Tulikosa kumwuliza: tangu lini, mama?

Kesho yake tulikwenda kwake, tukasema, "Pole, mama." Akauliza kama tumemletea vidonge vingine. Tukajibu hapana. Akatusogezea kigoda.