Andika Vipuri

Kwa miaka miwili, neno nililoandika mara nyingi kuliko jina langu lilikuwa "vipuri".

Nilikuwa karani katika ofisi ya kago huko Deira, Dubai. Ilikuwa chumba kimoja chenye mizani, meza, na maboksi yaliyofungwa kwa seloteipu ya kahawia mpaka yakawa hayana umbo. Wateja wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Mombasa na Unguja. Mchana walizunguka madukani kununua, jioni wakaleta mzigo. Sisi tulipima, tukaandika karatasi, tukaupeleka uwanja wa ndege. Swali lilikuwa moja tu, "Ndani kuna nini?", na mara nyingi kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika kabla mteja hajajibu.

Kazi hiyo nilitafutiwa na shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Ana duka dogo la vifaa vya simu Kariakoo, na amekuwa akija Dubai mara tatu au nne kwa mwaka tangu mimi niko shule ya msingi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye duka hilo. Alimwambia bosi wangu kwamba mimi najua Kiingereza na siibi. Alisema kweli kwa yote mawili, kwa jinsi nilivyouelewa wizi wakati ule.

Mzigo wake haukubadilika sana: vioo vya simu, makava, waya za chaja, na betri. Hasa betri. Mafundi simu wanazitafuta kila siku, za simu janja na za kiswaswadu, na betri moja ya simu ina uzito wa gramu hamsini hivi, kwa hiyo faida yake kwa kilo ni nzuri. Mara ya kwanza aliponiletea boksi, nilimuuliza niandike nini.

"Andika vipuri vya simu, baba," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akiandika mwenzio aliyekutangulia."

Niliona si uongo kamili. Betri nayo ni kipuri cha simu. Nikaandika.

Safari moja aliniomba boksi liondoke naye, asikae Dar es Salaam siku nzima akilisubiri huku wateja wanampigia simu. Niliitafuta nafasi ya mzigo kwenye ndege ileile ya abiria aliyokatia tiketi, nikaipata. Alifurahi sana. Alinipa dirhamu hamsini za soda, akaniombea dua.

Mwaka 2019 bosi alinipeleka kwenye mafunzo ya mizigo hatari. Hakuwa na hiari. Anayeshughulikia mizigo ya namna hiyo kwa ndege lazima afunzwe, na mafunzo yarudiwe kila baada ya miezi 24, na tulikuwa tumeanza kuulizwa cheti. Nilikwenda nikitegemea kiyoyozi na chakula cha mchana cha bure.

Siku ya kwanza mwalimu alitueleza ajali iliyotokea katika mji uleule tuliokuwa tumeketi. Tarehe 3 Septemba 2010, Ijumaa moja ya Ramadhani, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747-400, safari namba 6, iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ilibaki kama dakika kumi kufika saa moja jioni, na mjini watu walikuwa wametoka kufuturu. Ndani walikuwemo watu wawili, rubani na msaidizi wake. Dakika 22 baadaye kengele ya moto ikalia. Waliambiwa kwamba Doha iko karibu zaidi, lakini rubani akaamua kurudi Dubai. Hakuwa na namna ya kujua ni moto wa aina gani uliokuwa ukiwaka nyuma yake.

Moshi ulijaa chumba chao hata wakawa hawaoni vipimo vilivyo mbele ya macho yao, wala hawawezi kubadilisha masafa ya redio. Maneno yao yakawa yanapokewa na ndege nyingine zilizokuwa angani na kupitishwa mkono kwa mkono hadi Dubai. Kinyago cha rubani kikaacha kuleta hewa. Akainuka kutafuta hewa nyingine, hakurudi. Msaidizi akabaki peke yake, haoni nje wala ndani, akiuliza watu wa mbali yuko urefu gani na anakwenda kwa kasi gani. Ndege ilipita juu ya uwanja ikiwa juu mno na kasi mno, ikapinda, ikaanguka eneo la Nad Al Sheba. Wote wawili walikufa.

Ripoti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Falme za Kiarabu, iliyotoka mwaka 2013, ilisema kwamba yaelekea moto ulianzia kwenye shehena yenye betri nyingi za lithiamu. Hapo bado nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine. Kisha mwalimu akaongeza jambo moja. Katika karatasi za safari ile hapakuwa na mzigo hatari hata mmoja uliotajwa. Lakini wachunguzi waligundua kwamba angalau mizigo mitatu ilikuwa na pakiti za betri za lithiamu ambazo, kwa kanuni, zilistahili kuandikwa kuwa bidhaa hatari za daraja la 9.

Hakuna aliyekuwa ameziandika hivyo. Niliacha kuchorachora kwenye daftari.

Siku iliyofuata tulisoma kanuni zenyewe. Zamani nilidhani kanuni ni ukuta uliojengwa na watu wa ofisini ili watu wa sokoni waugonge. Nilipoelezwa sababu za kila moja, nikaanza kuona kazi yake.

Seli ya lithiamu ikipata hitilafu ndani, au ikipondwa, au ncha zake zikigusana na chuma, huweza kuanza kujipasha joto yenyewe. Joto lile huzaa joto zaidi, seli inatema gesi na moto, na iliyo jirani nayo inaanza safari hiyohiyo. Ndege za abiria zina gesi ya haloni ya kuzimia moto kwenye sehemu ya mizigo. Haloni huweza kuua miali, lakini haiipozi seli, kwa hiyo joto huendelea kuhama kutoka betri hadi betri. Sitaha kuu ya ndege nyingi za mizigo haina hata hiyo haloni. Kinachofanyika ni kupunguza hewa ili moto ukose pumzi, kisha kukimbilia uwanja wa karibu.

Ndiyo maana kabla betri haijaruhusiwa kusafiri, aina yake lazima iwe imepita majaribio ya Umoja wa Mataifa: kuwekwa kwenye hewa hafifu kama ya juu angani, kupashwa joto na kupozwa, kutikiswa, kugongwa, kuunganishwa ncha, kupondwa, kuchajiwa kupita kiasi, kumaliziwa chaji kwa nguvu. Tangu Januari 2020 mtengenezaji anatakiwa kuwa na muhtasari wa majaribio hayo wa kumpa anayeuhitaji. Ndiyo maana kila betri hufungwa peke yake, ncha zake zisiguse kitu. Betri ndogo kama za simu, zikisafirishwa peke yake, haziruhusiwi kuzidi kilo 10 kwa boksi, na boksi lenyewe lazima listahimili kuangushwa kutoka mita 1.2. Na betri iliyovimba au kuharibika kiasi cha kuweza kuwaka, ndege haiichukui, iwe ya abiria au ya mizigo.

Kisha yakaja mambo mawili niliyoyapigia mstari. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, zile za namba UN 3480, zimekatazwa kuwekwa kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Huenda kwa ndege ya mizigo tu, zikiwa na lebo inayosema hivyo. Na hata huko chaji yake isizidi asilimia 30, kwa sababu betri yenye chaji kidogo si rahisi kuiambukiza jirani yake moto.

Jioni ile sikwenda nyumbani. Nilirudi ofisini nikafungua makabrasha ya mwaka uliotangulia. Nililikuta boksi la shangazi. Vipuri vya simu. Ndani yake nilijua kulikuwa na betri mia tatu, zimepangwa kwenye mifuko ya nailoni ishirini ishirini, nyingi hazina jina la mtengenezaji. Namba ya ndege ilikuwa ileile ya tiketi yake.

Siku ile, uwanjani, nilikuwa nimemkumbusha atoe pawabenki kwenye begi la kupakia aiweke kwenye mkoba wa mkononi. Kila msafiri anaijua kanuni hiyo. Pawabenki hukaa na abiria kwa sababu ikiwaka, mhudumu anaiona na kuifikia. Shangazi alitii. Akakaa kwenye kiti saa tano na kitu, pawabenki moja mkobani, na betri mia tatu chini ya miguu yake na ya watu wengine wote, mahali ambapo hakuna mhudumu anayeweza kufika.

Niliziweka mimi.

Nilimweleza bosi. Hakukasirika. "Sisi tukiandika betri na jirani anaandika vipuri," akasema, "mzigo utakwenda kwa nani?" Lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu lake. Nilimwambia tu kwamba sasa cheti kina jina langu, kwa hiyo sitaandika.

Shangazi alikuja baada ya mwezi mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka boksi juu ya mizani mwenyewe kama kawaida yake.

"Kuna betri, Shangazi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza umri. "Unajua kuna betri."

Nilifungua. Mifuko ya nailoni ishirini ishirini. Moja ilikuwa imevimba kidogo pembeni, kiasi cha kuonekana ukiiinua usawa wa jicho. Nilimwambia hizi haziwezi kwenda. Akasema nitafute ndege ya mizigo. Nikamwambia hata ya mizigo haizichukui bila majaribio, na hizi hazina hata jina. Akasema nisimletee mambo ya darasani mbele za watu. Kweli, walikuwepo watu wawili kwenye benchi, wamenyamaza kama wanaosikiliza kesi.

Basi nikamwambia habari ya kiti chake. Namba ya ndege, tarehe, betri mia tatu.

Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Na mbona sikufa?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Na hilo ndilo swali ambalo mwalimu hakutuandalia, kwa sababu maboksi mengi ya namna ile yamefika salama, na kila linalofika salama humfundisha karani kwamba neno "vipuri" linatosha. Nilimwambia sijui. Nilimwambia wale marubani wawili nao walikuwa wameruka mara nyingi bila kufa.

Akafunga boksi, akalibeba kwapani, akatoka. Mlango wa pili kutoka kwetu kulikuwa na ofisi nyingine ya kago, na nyingine mbele yake. Sikumfuata. Nilibaki nimesimama nikisikia ndege zikipita juu, maana Deira ziko chini sana, unaweza kusoma maandishi kwenye tumbo lake. Nilijiambia kwamba nikiona boksi lile kwenye gari la jirani nitapiga simu uwanjani. Sijui hata leo kama ningepiga.

Saa nne usiku akanitumia ujumbe. "Nimerudisha kwa muuzaji. Amenirudishia nusu ya hela. Nusu nyingine nakudai wewe."

Nililipa kwa miezi mitatu. Sikuona kwamba ananionea. Wanaozungumza habari za usalama wa anga hawasemi sana kuhusu nusu ile, lakini lazima itoke mfukoni mwa mtu. Betri zenye muhtasari wa majaribio ni ghali zaidi, karatasi zake zina gharama, ndege ya mizigo haiondoki kila siku, na fundi wa Kariakoo hataongeza bei kwa sababu ya lebo ambayo hataiona. Mwenye duka dogo anapoambiwa aseme ukweli, anaambiwa pia alipie. Shangazi alilijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana alinikasirikia, na ndiyo maana nadhani kurudi kwake kwa muuzaji kulikuwa kuzito kuliko cheti changu.

Hakuja tena mpaka baada ya Idi. Safari hiyo alileta boksi moja dogo, betri mia moja na hamsini badala ya mia tatu, kutoka kwa muuzaji aliyempa karatasi. Kila moja ilikuwa kwenye kifuko chake. Alikuwa amenyong'onyea kwa bei, na alinieleza bei hiyo mara tatu. Kisha akaliweka boksi juu ya mizani, akasogea pembeni.

Sikuwahi kuuliza swali.

"Fungua uangalie," akasema.