Kelly wa Carrick na Mabalungi ya Makaburu

Jina la Sean Kelly, mwendesha baiskeli wa Ireland, nililisikia kwanza mgomoni, wala si kwenye habari za michezo. Ilikuwa Dublin, mwaka 1985, nikiwa mwanafunzi. Mtaa wa Henry, nje ya duka moja kubwa, kikundi cha wafanyakazi vijana kilikuwa kimegoma tangu Julai 1984, baada ya Mary Manning wa kaunta ya malipo kukataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini. Sisi Waafrika wachache tulikwenda kusimama nao, pamoja na Nimrod Sejake, mzee mkimbizi kutoka huko, aliyewaeleza mabinti wale ukaburu ni nini hasa.

Hapo ndipo mmoja wao aliponiambia, kwa aibu kidogo, kwamba hata Kelly, fahari ya nchi nzima, aliwahi kwenda kukimbia kwa Makaburu.

Ni kweli. Mwaka 1975, akiwa kijana wa miaka 19, alishiriki mbio za Rapport Tour kwa jina la bandia, pamoja na kina Pat na Kieron McQuaid. Wangerudi salama, ila waigizaji Richard Burton na Elizabeth Taylor walikuwa kwenye fungate kusini mwa Afrika wakati huohuo. Mwandishi mmoja akataka kuwapiga picha wakiwa na waendesha baiskeli wale, aliodhani ni Waingereza tu. Vijana wakaikwepa kamera, na kuikwepa huko ndiko kulikowaumbua. Wakafungiwa, na Olimpiki ikawapiga marufuku maisha.

Mtanzania hawezi kusikia habari ya Olimpiki ya 1976 akanyamaza. Sisi tulisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, na mwanariadha wetu Filbert Bayi akakosa pambano lake na John Walker ambalo dunia ilikuwa ikilisubiri. Bayi alikosa Montreal kwa kuukataa ukaburu. Kelly alikosa kwa kuufuata. Na cha kuudhi ni kwamba Kelly alifaidika. Bila Olimpiki ya kusubiri, alikwenda Metz, Ufaransa, akashinda sana kwenye ridhaa, mpaka Jean de Gribaldy, meneja wa timu ya kulipwa, akamfuata kwao Ireland kumsajili. Mwaka 1977 yule mtoto wa mkulima, aliyekuwa akijenga kuta za matofali, akawa mtu wa kulipwa.

Miaka ile ya mashindano ya baiskeli ya Nissan Classic nilipanda treni hadi Cork na rafiki yangu Mkenya. Kilima cha St Patrick kipo katikati ya mji, na ni mteremko ambao hata kuushuka kwa miguu unajishikilia. Watu walijaa pande zote mbili wakabakiza njia nyembamba kama ya mbuzi. Waendesha baiskeli wengine walipanda wakiyumba kushoto na kulia, midomo wazi. Kelly alipita amekaza taya, uso hauonyeshi kitu. Mimi nilipiga makofi. Mwenzangu alitia mikono mfukoni na kuiacha humo, na hatukulizungumza hilo ndani ya treni.

Alishinda Paris–Nice mara saba mfululizo, 1982 hadi 1988, na Paris–Roubaix mara mbili. Lakini mimi namheshimu kwa Vuelta, mbio za kuzunguka Hispania. Mwaka 1987 alikuwa akiongoza, zikiwa zimebaki siku chache tu, jipu la makalioni likamshusha kwenye baiskeli. Mwaka uliofuata akarudi, akaichukua.

Alistaafu mwaka 1994. Tangu 2006 timu yenye jina lake ilikuwa na makao Ubelgiji, ikilea vijana kwenye barabara za mawe na upepo, kule ambako mtoto wa Ireland asingefika kwa nauli yake. Sam Bennett alipitia humo. Naye alikulia Carrick-on-Suir, mji wa Kelly, ambao wakazi wake hawafiki elfu saba. Timu ilifungwa mwaka 2017. Miaka mitatu baadaye Bennett aliivaa jezi ya kijani ya Tour de France huko Paris, Mwairishi wa kwanza kuichukua tangu Kelly mwaka 1989. Kelly mwenyewe, ambaye Waairishi hupenda kusimulia kwamba aliwahi kujibu swali la redioni kwa kutikisa kichwa, siku hizo alikuwa akilipwa na televisheni ili aongee.