Kuvua na Kuachia

Katika lugha yetu neno kuvua limebeba mizigo mitatu. Mtu huvua samaki, huvua nguo, na katika kauli za wazee wetu Mwenyezi Mungu humvua mja wake na taabu, yaani humwokoa. Nimeishi na neno hili tangu utotoni, kwani marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na mara nyingi nimelitia katika tungo zangu. Lakini sikupata kulipima uzito wake mpaka nilipokwenda, mimi na sahibu zangu wawili, kuvua kwa mapumziko katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, mahali ambapo bahari haionekani wala harufu yake haifiki.

Kwetu visiwani mapumziko na uvuvi havikai chungu kimoja. Mvuvi hupumzika pale anaposhindwa kwenda kuvua: pepo zikichafuka, chombo kikiharibika, au mwili ukikataa. Baba hakuwahi kutia ndoana majini pasi na haja. Akirudi na changu au tasi, sehemu ilikwenda mnadani na sehemu ilikuwa kitoweo chetu. Fungu la tatu halikuwapo.

Mwenyeji wetu huko Ufipa ni mwalimu mstaafu ambaye alisomesha Unguja miaka mingi, na sisi hatumwiti ila Maalim. Aliporudi kwao alianzisha shamba la ng'ombe karibu na ukingo wa nyanda zile, mahali ardhi inapokatika na kuporomokea bonde la Ziwa Rukwa. Mwenzetu mwengine ni daktari aliyekaa Uskochi zaidi ya nusu ya umri wake. Yeye ndiye aliyekuja na fito mbili nyembamba na kijisanduku cha ndoana zilizovishwa manyoya, akatuahidi kutufundisha uvuvi wa Kizungu. Ilikuwa Julai, majani yamekauka rangi ya shaba, na usiku blanketi mbili hazikutosha.

Fundi wa mshipi wa kwetu atashangaa akiuona uvuvi huu. Sisi hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaoupeleka mshipi mbali. Huko ndoana haina uzito wowote, imefungwa nyuzi na manyoya tu ili ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Uzito umo katika mshipi wenyewe. Mvuvi huurusha nyuma, hungoja unyooke hewani, kisha huurusha mbele, na ndoana hufuata na kutua polepole juu ya maji. Asiyejua kungoja hupigwa na mshipi wake mwenyewe mgongoni, na siku mbili za mwanzo mgongo wangu ulipata haki yake.

Si uvuvi wa jana. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kwa Kigiriki kiasi cha miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo. Afrika ya Mashariki uliletwa na walowezi. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Uskochi, na vifaranga wake wakatiwa katika mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya, ambayo haikuwa na samaki huyo. Kwa hiyo hapo mchezo ulitangulia, samaki akafuata.

Kwa mfasiri jina la uvuvi huu ni mtihani. Ukisema uvuvi wa nzi, msikilizaji atadhani nzi ndio wanaovuliwa. Nililinganisha na neno letu kurambaza, kwani warambazaji wetu wa nguru nao hupamba ndoana kwa kitambaa cheupe au unyoya na kuiburura nyuma ya chombo. Lakini wao hutegemea mwendo wa tanga, na huku mtu amesimama ukingoni. Mwishowe niliandika nzi wa manyoya, Maalim akaridhia.

Siku ya tatu, katika kijito kinachopita shambani, nilipata samaki wa kwanza, mrefu kama kiganja, mgongo kijivu na ubavu wa fedha. Daktari aliniambia nilowe mkono kabla ya kumshika, nisije nikamfuta ute unaoilinda ngozi yake. Nikamtoa ndoana, nikamshusha majini, akatulia kidogo kisha akapotea chini ya jiwe. Sikatai kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimemvua kwa maana ya kwanza, kisha nikamvua kwa maana ya tatu, yote kwa dakika moja na kwa mkono mmoja.

Kesho yake tuliteremka kwa gari njia ya Muze hadi Mtowisa, chini bondeni. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kiasi cha mita 800. Katika mteremko ule tulivua makoti, kisha fulana za sufu, na joto likatupokea kama la kwetu. Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, maji yake ni ya magadi, mito huingia na hakuna unaotoka. Kwa hiyo mvua ndiyo inayolitawala: mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kiasi cha kilomita 50 tu, na mwaka 1939 lilifika kiasi cha kilomita 128. Anayejenga kando yake hujenga kwa idhini ya mawingu. Tena lina mamba wengi, na kusimama majini hadi magotini, kama wafanyavyo wavuvi wa Uskochi, si jambo la kujaribu.

Ufukweni tulimkuta kijana akishona wavu wake.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Akaichukua ndoana ya Daktari, akaigeuza kidoleni. Akasema maji haya ni tope, na kambale huenda kwa masharubu, haendi kwa macho. Unyoya huu hatauona. Kisha akauliza, tukimpata samaki tutampika wapi. Daktari akamweleza kwamba tutamrudisha majini. Kijana akanyamaza, akavuta uzi, akasema kwa upole:

"Basi mnamsumbua tu."

Hakuna aliyejibu. Nilijua kwamba baba yangu angetamka maneno hayo hayo. Maalim akamuuliza kama yeye huwaachia magege wadogo. Akasema zamani aliwaachia. "Lakini nikimwachia mdogo, namwachia jirani. Wavu wa jirani una matundu madogo kuliko wangu."

Maneno haya nimerudi nayo Unguja. Sisi watatu tulimwachia samaki wetu kwa kuwa chakula cha usiku kilikuwa tayari jikoni kwa Maalim. Kuachia kwetu hakukutugharimu kitu. Kijana yule akiachia anapunguza sahani ya watoto wake, na hana dhamana kwamba samaki atakua. Upande wa pili wa Ufipa liko Ziwa Tanganyika, na huko mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaana. Mvuvi aliyetii alimwachia samaki bila kumwachia jirani, kwa kuwa jirani naye alizuiwa. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye mtumbwi na asiye na shamba. Kuachia kwenye maana ni kule, na gharama yake haijawahi kuwa mchezo.

Tulinunua kwa kijana kambale wawili, tukawala usiku kwa ugali wa moto juu ya mlima.

Sasa Daktari ameniomba nimfasirie kijitabu chake cha uvuvi wa nzi wa manyoya, nami nimekubali, kwani sanaa ile ina uzuri wake na subira yake ningependa vijana wetu waijue. Ufito, mshipi na manyoya nimevipatia maneno. Pale kitabu kinaposema samaki arudishwe majini, nimeandika kuachia, na pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, nimeandika swali la kijana wa Mtowisa: mtampika wapi? Sijalifuta.