Nyumba Zilizofungwa Mnyororo

Nyumba hizi zina magurudumu, na haziendi popote. Nilipiga magoti kwenye majani yenye umande nikachungulia chini ya ile ya kwanza: matairi mawili madogo, mpira umepasukapasuka kama visigino, na fremu ya chuma iliyokalishwa juu ya matofali ya saruji. Kwenye fremu palifungwa mnyororo wenye pete nene kama kidole gumba, ukashuka ukazama ardhini. Nikadhani ni wa kuzuia wezi.

"Wezi gani, bab?" akasema mama mmoja aliyesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Huo ni wa mto."

Watu wa Birmingham na vitongoji vyake humwita kila mtu "bab", mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Mimi ni wa Mombasa, ambako mtoto wa miaka mitatu huitwa baba na akaitika. Sikuhitaji kufasiriwa.

Mto wenyewe ni Severn, mrefu kuliko yote nchini Uingereza, kilomita 354 kutoka milima ya Wales hadi baharini. Kambi ya nyumba hizi iko juu kidogo ya mji wa Bewdley, mahali ambapo bonde ni jembamba na misitu inashuka hadi ukingoni. Ukiingia langoni unaona safu baada ya safu ya karavani, rangi ya maziwa na kijani kilichopauka, kila moja na upana wa futi 12 hivi na urefu wa futi 30 na zaidi. Pembeni pa kila moja imesimama mitungi miwili ya gesi, myekundu, inayonifika kifuani. Kutoka safu ya mwisho hadi majini nilihesabu hatua 40. Ilikuwa Mei, na msitu mzima ulinuka kitunguu saumu, kwa sababu kuna majani ya porini huku yenye harufu hiyohiyo ambayo huota kwa wingi kivulini. Ukichanganya na nyama ya nguruwe inayokaangwa asubuhi kwenye madirisha mia, na moshi wa makaa unaoletwa na upepo, unapata harufu ambayo mpaka leo siwezi kuitenganisha na mahali hapa.

Moshi huo ni wa treni. Reli ya zamani inafuata mto, na garimoshi la mvuke hupita na wageni, likapiga honi, watoto wa kambini wakapunga mikono na mbwa wakabweka. Karibu na kijiji cha Arley huvuka mto juu ya daraja la chuma la 1861, tao moja tu la futi 200 bila nguzo katikati. Nimeona picha za daraja hilo kila duka la kadi mjini. Za karavani sijaona hata moja; ndizo nilizokuja kupiga.

Kamera yangu ni ya filamu, picha 12 kwa roli. Haipandishwi jichoni. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unatazama kioo kidogo ambamo kulia kumekuwa kushoto. Ndani ya kioo hicho Severn ulikuwa unarudi Wales. Mzee mmoja aliyeniona nimeinama hivyo muda mrefu alikuja kuuliza kama naumwa.

Safari mbili za kwanza sikupata sura ya mtu. Nilipiga mitungi, ngazi, mapazia ya lesi, vibete wa udongo wenye kofia nyekundu waliopangwa bustanini. Watu waliitikia salamu vizuri, kisha wakiona kamera wakakumbuka shughuli ndani. Nikadhani ni rangi yangu, na pengine kwa mmoja wawili ilikuwa. Yule mama wa chai ndiye aliyenifumbua macho. Kambi ni ya mapumziko, akasema. Ni lazima uwe na nyumba nyingine mahali, na wiki kadhaa za baridi kali lango hufungwa. Lakini wapo waliostaafu, wapo waliofiwa, wapo waliouza nyumba ya mjini kusaidia watoto, nao kwa hesabu kali wanakaa huku zaidi ya inavyopasa. Mgeni mwenye kamera anaweza kuwa mtu wa serikali ya mtaa. Tangu siku hiyo sikuelekeza lenzi kwenye namba ya karavani wala kibao cha gari, na nilisema hivyo kwa sauti kabla sijaulizwa.

Kisha nikaelewa jambo la pili. Karavani ni yako, umeilipia, lakini kiwanja si chako. Unalipa kodi ya ardhi kila mwaka, na ikifika umri uliotajwa kwenye mkataba, huenda ukaambiwa iondoke. Nilimwambia yule mama kwamba kwetu Mombasa tunazo nyumba za namna hiyo, mitaa mizima: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine, na vizazi vitatu vinaweza kuzaliwa na kufa juu ya shamba la mtu. Akaniuliza kama kwetu wanapanda maua. Nikasema wanapanda miasumini mlangoni. "Basi," akasema, akanielekeza kwa kikombe kwenye mawaridi yake.

Na kweli, ni nadra kuona ardhi ya kukodi ikibembelezwa namna hii. Nyasi zimekatwa fupi kama nywele za mwanajeshi. Mbele ya karibu kila karavani pamejengwa jukwaa la mbao lenye kizuizi cheupe, na mbao hizo hushuka hadi chini zikayaficha magurudumu. Wao wana jina lao, mimi nililiita baraza, kwa kuwa kazi ni ileile. Jioni watu hukaa, aliye njiani husimama, habari za goti la fulani na mjukuu wa fulani hupita kutoka baraza hadi baraza, zikafika mtoni kabla yangu. Wengi walikulia mitaa ileile ya Birmingham na miji ya viwanda iliyo jirani. Mtaa ulipobomolewa au watu walipohama, walitawanyika; Ijumaa jioni wanakutana hapa, wametenganishwa na ua wa futi tatu.

Katikati ya Juni msimu wa kuvua mtoni unapofunguliwa, ukingo hujaa miavuli ya kijani. Nilikaa nusu siku na mwanamume aliyemtafuta barbel, samaki wa chini mwenye ndevu nne mdomoni. Jioni akampata, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko, mgongo wa dhahabu. Akamlaza kwenye godoro dogo lililoloweshwa, akampima, akamtoa ndoano kwa upole wa muuguzi, kisha akamshikilia majini mpaka alipopata nguvu, akamwachia aende. Mimi ni mtu wa pwani. Nilipiga picha, nikanyamaza.

Ukutani mwa jengo la bafu kuna mistari miwili ya rangi ya buluu inayoonyesha mafuriko yalikofika, 2000 na 2020, imekaribiana. Yote iko juu ya kiuno changu, na jengo hilo liko kwenye mwinuko. Mjini Bewdley hupachika kuta za muda kando ya mto maji yanapotishia. Huku kambini kuna minyororo. Kwa hiyo watu hufuatilia mvua ya Wales zaidi ya ile ya hapa. Ikinyesha sana kule milimani, maji hayafiki siku hiyohiyo, nao hutumia muda huo kupandisha mazulia juu ya vitanda.

Siku ya mwisho ya msimu wa kambi nilifika mapema. Mabomba yalikuwa yanakaushwa ili barafu isiyapasue, kila mfereji ukiachwa wazi. Magodoro yalisimamishwa mbali na kuta. Milango ya friji iliegemezwa taulo isifunge, kuzuia ukungu. Hapakuwa na harufu ya nyama wala ya saumu, ila matope na majani yanayooza, na mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilikuwa nimebakiwa na picha moja. Nilimwomba yule mama akae barazani. Akakaa, akarekebisha skafu. Kisha akainuka, akashuka ngazi taratibu, akaenda kuvuta mnyororo, mara mbili, kama mtu anayejaribu kamba ya mbuzi. Akarudi akakaa.

"Haya, bab," akasema. "Piga."