Amani, Kwenye Udongo Mchachu

Gari kutoka Muheza lilitushusha Amani saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia miti. Mimi naishi Tanga mjini, na uani kwangu jembe halizami sana kabla ya kugonga mawe ya matumbawe. Hapo ndipo nilipopanda hidranjia yangu, kivulini, nikaimwagilia kila jioni. Majani yakageuka manjano, mishipa yake tu ikabaki kijani. Mwezi wa nne ikafa.

Jirani na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nilikuta hidranjia nyuma ya nyumba moja: kichaka cha kunifika kifuani, vichwa vya maua vikubwa kama sahani, buluu iliyokolea. Bibi mwenye nyumba alikuwa akifagia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yaliyonikuta. Akauliza swali moja: "Ulitia majivu?"

Nilikuwa nimetia, tena kwa wingi.

"Majivu peleka kwenye mboga. Hili linataka udongo mchachu."

Bibi alisema kweli. Milima hii ya Usambara Mashariki hupata mvua nyingi, na kwa maelfu ya miaka mvua hiyo imeosha chokaa udongoni. Kwenye udongo mchachu, ambao pH yake iko chini ya 5.5, alumini huyeyuka, hidranjia ikaifyonza, ua likawa buluu. Kwenye chokaa, ua hilohilo hutoka waridi. Tena chokaa hufunga madini ya chuma: yamo ardhini, ila mizizi haiwezi kuyachukua. Ndiyo manjano niliyoyaona. Majivu yangu yalizidisha tu ubaya.

Hapo hapo nikaelewa kwa nini chai imetamalaki milima hii. Nayo hupenda uchachu, na ni ndugu wa kamelia za bustanini. Shambani huchumwa mfululizo, hivyo ua lake ni nadra kuliona. Kando ya njia nilikuta mche ulioachwa bila kukatwa, umekuwa mti kabisa, umechanua: petali nyeupe, katikati kishada cha nyuzi za njano.

Kijana anayetembeza wageni akaniteremsha hadi kijitoni. "Dada, tazama hapo." Kwenye jiwe lenye kivuli na ukungu wa maji ilikuwa vayoleti ya Usambara. Majani ya mviringo yenye manyoya laini yamelala juu ya mwamba, maua ya zambarau, na katikati vitone viwili vya njano. Udongo wake haujazi hata kiganja, ni majani yaliyooza tu kwenye ufa. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mmea huu Ujerumani, na mwaka 1893 ukapewa jina lake, Saintpaulia. Leo uko madirishani dunia nzima, lakini hapa kwao unapungua kadiri kivuli cha msitu kinavyokatwa.

Bibi alinipa tawi la hidranjia. Nitalipanda kwenye ndoo iliyotobolewa, nijaze mboji ya majani, mbali na matumbawe. Vayoleti sikuigusa. Nawe ukifika Amani, usiing'oe kwenye mwamba wake. Omba jani moja kwa mwenye kuiotesha kwenye kopo, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, liweke kivulini. Litatoa mche.